Nyasi za Kuzuia Upepo

Upande ule wa nyuma ya nyumba haukuwahi kuvuma upepo wa kumsumbua mtu. Kulikuwa na ukuta mrefu wa jirani, kulikuwa na tangi la maji, kulikuwa na nyumba yenyewe. Upepo ukitaka kufika pale ilibidi uombe njia. Lakini Msajili alipoamua kupanda nyasi ndefu za mapambo kati ya baraza lake na chumba cha uani, alimwambia dada yake kwamba anapanda za kuzuia upepo. Dada yake akashukuru. Akasema ni kweli, siku hizi magoti yake hayapatani na baridi.

Msajili lilikuwa jina la kazi lililogeuka kuwa jina la mtu. Ndiye aliyesajili wanafunzi wa chuo kwa miaka mingi, ndiye aliyesoma majina yao siku ya mahafali kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma bila kipaza sauti, na hata muuza mboga wa mtaani alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mjane nadhifu, mwenye binti mmoja, na viatu vyake havikujua vumbi. Dada yake naye alikuwa na jina la kazi, ila hilo halikutamkwa katika nyumba ile. Sokoni walimwita Bi Karatasi. Tangu ujana mpaka nywele zikamwota mvi alikaa mlangoni pa choo cha soko, akimpa kila anayeingia karatasi iliyokunjwa mara nne, kingo zikiwa zimelingana kabisa, kana kwamba mtu anakwenda nayo karamuni.

Usione vyaelea, vimeundwa. Sare za shule za Msajili, madaftari yake, viatu vyake vya kwanza vya kisigino, vyote vilitoka mlangoni pale. Mama yao alifariki Msajili akiwa hajajua kujifunga vifungo vya shati, na aliyemfunga ni huyo huyo dada. Haya yote Msajili aliyajua. Nasema aliyajua, kwa sababu wako watu wanaofanya ubaya kwa kutojua, na hao tunawasamehe upesi. Yeye alijua, na bado akaenda kununua nyasi.

Magoti yalipogoma, Dada alihamia kwa mdogo wake. Tusimsingizie Msajili: chumba cha uani kilipakwa rangi mpya, godoro lilikuwa zuri, na chakula kilitoka sufuria ile ile. Dada hakunyimwa kitu, isipokuwa kuonekana. Wageni wakija, alijikuta amepelekewa sahani yake chumbani kabla hajauliza, na Msajili akimwambia apumzike.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka siku moja wafanyakazi wenzake walipokuja kumtembelea. Walikaa kwenye baraza la nyuma, linalotazama bustani, na mmoja wao, mkutubi mwenye macho ya mwewe, akakodoa macho kule uani alikokuwa amekaa Dada akikunja nguo zilizokauka. Akauliza kama yule mama si yule wa mlangoni pa choo kule sokoni. Msajili akacheka kidogo, akasema duniani watu wanafanana. Usiku hakulala vizuri. Jumamosi iliyofuata alikuwa kwa muuza miche wa kando ya barabara, akiuliza ni mmea gani unaokua upesi na kumpita mtu kimo.

Muuza miche, mwanamke mwenye buti za mpira na maneno mengi, alimwonyesha zile nyasi. Alisema msimu mmoja tu zinamzidi mwanamume, halafu zinatoa mashungi meupe laini ambayo watu hupenda kupigia picha. Ila zina sharti lake, akaongeza: kila mwaka zikishakauka lazima zikatwe mpaka chini, kimo cha kiganja, kabla machipukizi hayajaanza. Asiyezikata zinamwozea moyo. Kwa nje zitaonekana zimesimama, lakini katikati ya shina ni uozo mtupu, na siku moja zinafunguka na kulala chini. Msajili aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa masharti ya tiketi, akaanza kufikiria jinsi miche itakavyoenea kwenye buti la gari.

Aliyezilea si yeye, ni Dada. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, alijikokota na ndoo ndogo, mkono mmoja kiunoni, akazipa maji shina kwa shina. Alizitoa magugu. Alizitafutia samadi. Akimaliza alikuja mlangoni pa jikoni kutoa taarifa, na kipimo chake kilikuwa mwili wake mwenyewe.

“Leo zimenifika kiunoni,” alisema. Baada ya mvua kadhaa zikawa zimemfika kifuani. Halafu kidevuni. Asubuhi aliyokuja kusema kwamba zimempita, alicheka mpaka akalazimika kushika fremu ya mlango. Msajili naye alicheka, kwa nafuu. Alidhani ni furaha ya mkongwe aliyepata kitu cha kuchezea.

Na kwa kweli zilipendeza. Mashungi yalipotoka, bustani ilionekana kama ya watu wa kwenye kalenda. Wageni walimsifu Msajili kwa mkono wake mzuri wa bustani, naye alizipokea sifa zile bila kubabaika. Kutoka barazani sasa ulikuwa huoni chumba, huoni kamba ya nguo, humwoni mtu. Ulisikia tu, mara moja moja, ndoo ikigusa simenti.

Kisha zikakauka, kama zilivyotakiwa kukauka, zikawa na rangi ya biskuti. Dada akamwambia mdogo wake kwamba wakati wa kukata umefika. Msajili akajibu bado. Dada akangoja, akasema tena, kwamba machipukizi yameanza kuchungulia na yanakosa mwanga. Msajili akajibu bado, tena kwa sauti ya ofisini. Sababu hakuisema. Binti yake alikuwa amepata mchumba katika mji aliokwenda kufanya kazi, na wazazi wa kijana walikuwa wameahidi kuja kujuana. Bustani yenye visiki vya kimo cha kiganja ingekuwa dirisha wazi.

Binti alikuja siku moja kabla ya wageni. Alimpenda Mama Mkubwa wake, ndiye aliyembeba mgongoni wakati Msajili alipokuwa masomoni. Alipokuwa akipanga vikombe aliuliza kama Mama Mkubwa atakaa nao barazani. Msajili alisema Mama Mkubwa hapendi watu wengi, na halafu magoti. Binti alimtazama mama yake muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji, kisha akaenda kupiga pasi kitambaa cha meza. Aibu nayo ni ugonjwa wa kuambukiza. Mtoto alikuwa ameanza kuupata na hakuwa na ujasiri wa kuukataa.

Dada aliomba apewe kazi hata moja. Akapewa karatasi za kufutia mikono, za kuweka kando ya sahani. Akazikunja zote jioni ile, akiwa amekaa kitandani kwake, akazirudisha zimepangwa kwenye bakuli.

Wageni walifika mchana: kijana mwenyewe, baba yake, aliyekuwa mzee wa kofia asiyesema sana, na mama yake, mwanamke mnene mchangamfu aliyekumbatia kila mtu kabla ya kujua jina. Mama huyo alisema mji huu si mgeni kwake, aliwahi kuishi hapa siku za mwanzo za ndoa yake, na umebadilika mpaka umempoteza. Waliketi barazani, chai ikamiminwa, nyasi zikasifiwa. Msajili alianza kupumua.

Ndipo upepo ukaja. Wallahi, upepo ambao haukuwahi kufika upande ule ulifika siku hiyo. Ulipanda juu ya ukuta wa jirani, ukashuka bustanini kama mtu mwenye shughuli. Nyasi zikayumba, zikalia kwa ukavu wake, na shina la katikati, lile lililokuwa limeoza moyo, likaanza kufunguka. Nusu ililala kulia, nusu kushoto. Kupitia uwazi ule ukaonekana ukingo wa mlango wa chumba, uliopakwa rangi ya buluu.

Halafu likatokea jambo la ajabu. Nyasi zilizolala zikainuka. Zilikusanyika pamoja polepole, zikasimama, na utepe wa kitambaa ukazunguka katikati yake na kukazwa. Shina la pembeni lilipoanza nalo kuachia, likainuliwa vivyo hivyo na kufungwa. Wageni walikodoa macho. Mzee wa kofia akasema hajawahi kuona nyasi zinazojifunga mkanda zenyewe, na wote wakacheka.

“Kuna nani kule?” akauliza mama wa kijana.

“Mtu wa bustani,” akasema Msajili.

Alisema kwa sauti yake ya mahafali, ile inayofika viti vya nyuma. Hakukusudia iwe kubwa hivyo. Ilitoka ilivyozoea kutoka. Kule nyuma ya nyasi mikono miwili iliyokuwa ikifunga fundo ilitulia kidogo. Kisha ikaendelea kufunga. Binti aliinamisha uso kwenye kikombe chake, na Msajili akasogeza sahani ya maandazi mbele ya wageni.

Mama wa kijana alinyoosha mkono achukue andazi, akachukua na karatasi. Hakuifungua. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye kingo zake, akaiweka juu ya kiganja na kuitazama.

“Karatasi ya kukunjwa hivi,” alisema, “niliwahi kupewa mara moja tu maishani, na katika mji huu huu.”

Akasimulia. Alikuwa na mimba ya huyu kijana, akamwonyesha, na kijana akaona haya kama wanavyoona haya wote wakitajwa tumboni. Alikwenda sokoni, pochi ikaibiwa, na hapo hapo kichefuchefu kikamkamata. Watu walimkwepa. Mwanamke wa mlangoni pa choo ndiye aliyeinuka, akamwingiza bila kumdai kitu, akamshika paji la uso mpaka alipomaliza, akamwosha kama anavyooshwa mtoto. Akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, yeye akasimama mchana kutwa. Walipoachana alimpa karatasi iliyokunjwa namna hii afutie machozi. Wakimwita Bi Karatasi. Miaka mingi baadaye alirudi kumtafuta akaambiwa hayupo tena.

“Sijui kama yu hai,” alisema. “Siku nikimwona yule mama, mimi nitampigia magoti.”

Hapo mlango ulikuwa wazi. Msajili alihitaji kutamka maneno machache tu: huyo ni dada yangu, yuko pale. Hofu yake yote ya miaka ilikuwa imeyeyuka mbele yake juu ya kiganja cha mgeni. Kile alichokificha kama doa kumbe kilikuwa kinatafutwa kwa heshima. Binti alimtazama, macho yakimsihi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kama yule ni dada yake, basi mtu wa bustani ni nani? Angesema nini kwa mtu aliyemkumbatia hata kabla ya kujua jina lake? Aibu ya kwanza ilikuwa imezaa ya pili, na ya pili ilikuwa kubwa kuliko mama yake.

“Watu wema wapo,” alisema Msajili. Akauliza nani aongezewe chai.

Wageni waliondoka jua likiwa bado linawaka, wameridhika, siku ya harusi imetajwa. Binti aliwasindikiza na hakumuaga mama yake. Msajili alisimama barazani akitazama nyasi zake zikiwa zimefungwa viuno, kisha akavua viatu vizuri, akavaa ndala, akazunguka kwenda uani.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya shina la katikati. Mapajani kulikuwa na mabaki ya gauni lake la zamani, lile la maua, alilolichana kupata tepe. Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa mpaka kwenye viwiko, maana majani ya nyasi zile yana makali. Alikuwa akijipangusa damu kwa kipande cha kitambaa, na kipande chenyewe alikuwa amekikunja mara nne.

Aliuliza kama wameondoka. Aliuliza kama wamependa. Msajili akajibu ndiyo na ndiyo.

“Basi sasa tuzikate, zisife,” Dada alisema. “Tukizikata leo, mpaka siku ya harusi zitakuwa zimefika hapa.” Akaweka kiganja juu ya utosi wake. Akafikiri kidogo, akakiinua. “Tuseme hapa. Siku hiyo nitakuwa nimefunga kilemba.”

Msajili alitazama kiganja kile kilichosimama juu ya kichwa cha dada yake. Akakumbuka kiunoni, kifuani, kidevuni. Akakumbuka asubuhi ya kicheko. Akakaa kwenye simenti na sketi yake nzuri, mbele ya kigoda, pale alipokuwa akikaa zamani kusukwa nywele.

“Dada. Ulijua?”

“Mimi nilikufunga vifungo mpaka ulipojua kujifunga mwenyewe,” alisema Dada, bila hasira yoyote, kama anayetaja bei ya nyanya. “Nisijue ukiwa na kitu unakificha? Upepo wenyewe huku umevuma leo tu.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, ungeona aibu.”

Hapo Msajili alilia. Si kilio cha kupendeza. Alilia kwa kamasi, na Dada akampa kile kipande cha kitambaa, akikigeuzia upande usio na damu. Kila ndoo ya maji ilikuwa imebebwa na magoti yale ili yeye apate ukuta wake mapema. Aliyefichwa ndiye aliyekuwa akiujenga. Msajili alitamani angetukanwa. Tusi angeweza kulibeba, lakini huu uangalizi haukuwa na pa kushikia.

Alipoweza kusema, aliuliza kama alisikia kisa cha yule mama. Dada alisema alisikia. Alimkumbuka pia, alikuwa msichana mwembamba wa kulialia, nani angedhani atanenepa vile. Na kwa nini hakutoka? Dada akashangaa kuulizwa. Angetoka, alisema, mdogo wake angeonekana mwongo mbele ya wakwe.

Msajili alitoa simu mfukoni. Dada alipoona, akamshika mkono, akamwambia aache, mambo yamekwisha vizuri, asimharibie mtoto harusi. Msajili akapiga. Wageni walikuwa bado njiani. Sauti ya gari ilisikika, na kicheko cha mama wa kijana, aliyedhani wamesahau kitu.

“Mkwe,” alisema Msajili, na sauti yake safari hii haikufika hata ukutani. “Yule niliyesema ni mtu wa bustani ni dada yangu. Dada wa tumbo moja, ndiye aliyenilea. Na ndiye Bi Karatasi.”

Kule upande wa pili kicheko kilikatika. Gari liliendelea kunguruma.

“Nilikuwa nasimulia habari zake, naye anasikia?”

“Ndiyo.”

“Na wewe umekaa hapo unanimiminia chai.”

“Ndiyo.”

Dada alikuwa ametazama pembeni, anazungusha utepe kwenye kidole. Kisha yule mama akasema, taratibu, kwamba atarudi Jumapili. “Lakini uelewe, mkwe. Safari hii nakuja kwake. Siji kwako.”

Siku ile ile walizikata. Dada alishika mafungu, Msajili akakata kwa mundu, vibaya, mikono ikichanika kama ya mwenzake. Ndani ya mashina kulikuwa kama muuza miche alivyosema: kweusi, kumelowa, kunanuka. Pembeni tu ndiko yalikobaki machipukizi machache mabichi. Walipomaliza, bustani ilikuwa tambarare na mlango wa buluu ulionekana mpaka barazani.

Jumapili mama wa kijana alifika peke yake, amebeba zawadi kwenye mfuko. Alimsalimu Msajili kwa adabu yote inayompasa mkwe, asimkumbatie. Akapita barazani bila kukaa. Akakatiza katikati ya visiki, na alipofika mbele ya kigoda alipiga magoti kwenye simenti, mnene kama alivyo, huku Dada akihangaika kumwinua na kumwambia jamani, mwenzangu, ainuke, atachafua nguo.

Msajili alikuwa ameandaa chai na vikombe vitatu. Alisimama barazani na sinia mikononi, akiwatazama wanawake wawili wameinamiana, wakicheka, wakifutana machozi. Hakujua kama anaruhusiwa kwenda. Hapakuwa na kitu cha kujificha nyuma yake, kila mtu angemwona pale alipo. Akaweka sinia mezani, akakaa, akangoja kuitwa.